Hayo Maji Yako Wapi?

Mtu wa Eldoret hupimwa kwa bahari maisha yake yote, na anaweza kufa bila kuiona. Kabla hujaambiwa habari za mahindi yetu wala za wakimbiaji wetu, utaambiwa tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wageni hutoka mbali kuja kupanga vyumba Iten na Kaptagat kwa sababu ya mita hizo. Hupanda vilima wakihema, hula ugali, kisha hurudi kwao kushinda mbio. Bahari yenyewe, ambayo ndiyo mwanzo wa hesabu hiyo yote, wengi wetu tunaijua kwa kalenda za ukutani.

Shemeji yangu aliliona hilo kuwa aibu, hasa baada ya Eldoret kupewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Watu wa jiji, alisema, huenda likizo. Zamani tulipokuwa Sisibo tu, mji uliochipuka kwenye posta ya shamba nambari 64, Krismasi ya kijijini ilitosha. Sasa ilitubidi twende pwani, tena kwa gari, tena tuifuate barabara ya Mombasa hadi Malindi, ambayo alikuwa amesimuliwa na dereva mmoja wa lori. "Inaenda bega kwa bega na bahari," alituambia. "Ukitoa mkono dirishani unalowa."

Maneno hayo ndiyo yaliyomng'oa mama yangu Moiben. Mama, ambaye tangu wajukuu wazaliwe sote tunamwita Kogo, ana magoti yasiyopenda kutembezwa, na swali lake lilikuwa moja tu: "Nitaiona nikiwa nimeketi garini?" Shemeji akaapa. Sasa, shemeji hajawahi kuahidi kitu kwa sauti ndogo, na Kogo hajawahi kusahau ahadi ya mtu, kwa hiyo safari ilianza na deni.

Gari lilikuwa la shemeji. Siku za kazi hubeba maziwa ya chama cha ushirika, na hata ulioshe kwa sabuni gani, ukifunga madirisha utajua. Kogo alipakia unga, kwa kuwa hakuna aliyemhakikishia kwamba pwani watu wanasaga. Akapakia mayai ya kuchemsha. Akapakia na jerikeni ya lita kumi iliyojaa mursik, maziwa yetu ya mgando. Mursik wa haki hukaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na wa Kogo ulipitia huko huko. Lakini kibuyu na matuta ya barabarani havipatani, basi akauhamishia kwenye jerikeni, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote, kisha akakifunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli ili kisije kikatuaibisha.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri tumevaa kila tulichokuwa nacho. Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700 na baridi yake huingia hadi kwenye meno, tulisimama kununua karoti. Binti yangu akamaliza chupa yake ya maji, akaifunga, akaitupa chini ya kiti. Msomaji aikumbuke chupa hiyo. Ikweta tuliivuka bila sherehe yoyote kwa sababu shemeji alikuwa akipita lori. Nakuru tukavua makoti, Limuru tukayavaa tena. Nairobi sitaizungumzia, kila mtu ana Nairobi yake na foleni yake.

Makindu tulikula kwenye hekalu la Masingasinga, ambako msafiri yeyote hulishwa bila kulipa. Dal, chapati, chai ya maziwa. Kogo, ambaye hawezi kula kwa mtu akaondoka mikono mitupu, akaenda garini akarudi na mayai yake kwenye kitambaa. Akaelezwa kwa upole mwingi kwamba pale hapaliwi nyama, samaki wala mayai. Alirudi kimya. Tulipofika barabarani ndipo akasema, "Watu wazuri hivyo, na hawana kuku."

Baada ya Kibwezi mibuyu huanza, na joto nalo linaanza. Kogo alikataa kuvua sweta kwa hoja kwamba baridi huvizia. Mke wangu, aliyekuwa amekaa katikati kiti cha nyuma na jerikeni miguuni, alisema, "Hiki kitu kinanisukuma." Hatukumjali. Baada ya muda akasema tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. Nikageuka kutazama. Jerikeni ilikuwa imetuna mbavu zote, imekuwa mviringo, na ule utepe wa tyubu ulikuwa umevutika hadi ukawa mwembamba. Nikashauri tuilegeze kidogo. Kogo akakataa: mursik hufunguliwa watu wakifika.

Karibu na Mtito Andei tulipanda tuta ambalo shemeji hakuliona. Mlio uliofuata ulikuwa mmoja, mkavu, na shemeji akapiga kelele, "Tairi!" akalipeleka gari kando ya barabara kwa ustadi ambao hata leo anausifia. Akashuka. Akazunguka gari, akapiga tairi la kwanza teke, la pili, la tatu, la nne, na yote yalikuwa mazima. Mursik ulikuwa ukimtiririka kutoka sikioni kuingia kwenye kola. Ulikuwa umepiga dari, ukapiga kioo cha mbele kwa ndani, ukashuka polepole ukiwa na vile vidoa vya mkaa wa senetwet, na miwani ya Kogo ilikuwa imepakwa nusu. Dereva wa lori aliyesimama kutusaidia alimtazama shemeji usoni kwa huruma.

"Pole, ndugu. Ni radieta?"

"Ni mursik," akajibu shemeji.

Yule dereva akarudi kwenye lori lake.

Tulipokuwa tukipangusa, binti yangu akaitoa ile chupa ya Timboroa chini ya kiti. Ilikuwa imebonyea pande zote, kiuno kimeingia ndani, na kifuniko kilikuwa bado kimekazwa. Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Katika gari moja, kwenye mteremko ule ule, chombo kimoja kimevimba hadi kikafyatua kifuniko na kingine kimekondeana. Binti yangu, ambaye yuko sekondari ya chini na hapendi kuachwa bila kuulizwa, akaeleza: chupa ilifungwa ikiwa na hewa nyepesi ya mlimani, na kadiri tunavyoshuka, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi na inaibana, mursik nao uko hai, joto limeuchachusha, nao umejaza gesi yake wenyewe ndani ya jerikeni. Shemeji alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba sote tuko karibu na pwani sasa na inajulikana pwani kuna nini, na akaomba mtu asome zaburi.

Tulilala Voi. Kogo aliiosha jerikeni kwa maji ya moto aliyoyaomba jikoni kwa wenye nyumba, akaianika dirishani, na asubuhi akairudisha garini. Nilipomwuliza ya nini, akasema jerikeni haitupwi.

Nafika sasa kwenye jambo lenyewe. Pale Makupa, unapoingia kisiwa cha Mombasa, kuna maji kulia na kushoto. Sote tulipiga kelele: "Kogo, bahari!" Nikageuka nimwone uso wake siku ile ya kwanza. Kogo alikuwa amefumba macho, viganja viko magotini, midomo inacheza. Alikaa hivyo hadi sauti ya matairi ilipobadilika na kumjulisha kwamba tuko kwenye ardhi. Ndipo akafumbua, akatazama huku na huku akaona makontena na duka la vipuri, akauliza:

"Hayo maji yako wapi?"

Kumbe mama yangu hatazami chini akiwa darajani. Alikulia upande ambao daraja lilikuwa magogo mawili juu ya mto Moiben, na mto ukifurika mtoto alifundishwa kufumba macho, kuomba, na kumshika aliye mbele yake. Miaka yote niliyoishi naye sikuwa nimelijua hilo, kwa sababu madaraja ya kwetu ni mafupi na ombi lake huwa limekwisha kabla hujageuka.

Kwa barabara nyingine lisingekuwa tatizo. Kwa hii ya Malindi lilikuwa tatizo lote. Ni kama kilomita 120, na sina ugomvi nayo, lakini barabara hiyo na bahari ni majirani wasiosalimiana. Hori za bahari zimeingia ndani ya nchi hapa na pale, na aliyepima barabara akaona heri akae mbali nazo. Kati yako na maji kuna minazi, mikorosho, mkonge, kuta za hoteli, na viwanja vya watu wenye mbwa. Bahari unaiona mahali ambapo barabara haina budi kuivuka, yaani darajani. Nyali, daraja la 1980: Kogo amefumba. Mtwapa: amefumba. Na kila tukivuka, swali ni lile lile, nalo analielekeza kwenye kisogo cha shemeji, ambaye kwa heshima hawezi kumjibu mama wa watu kwa ukali.

"Yako jirani, mama. Mbele kidogo."

Baada ya kuvuka Mtwapa, vumbi la ujenzi wa barabara limetujaa puani, shemeji hakuvumilia tena. Aliona kinjia kinachokata kulia kuelekea maji, akakiingia bila kuuliza mtu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 aliomba apewe rubani wa kumwonyesha njia ya India, na hakuna aliyemcheka. Shemeji yangu haombi. Kinjia cha kwanza kiliishia kwenye lango la chuma. Bawabu akatoka, akatusalimia vizuri, akatuambia bahari iko nyuma ya nyumba, ila nyumba ina mwenyewe. Kinjia cha pili kilipita kati ya kuta mbili ndefu, na kati ya kuta hizo gari likaanza kwenda polepole, kisha likaacha kwenda.

Lazima niwaeleze kwamba sisi ni wataalamu wa tope. Mtu aliyepeleka maziwa Burnt Forest mwezi wa Aprili hana la kufundishwa kuhusu kukwama. Shemeji akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akakunja mikono ya shati, akaweka gia ya kwanza na kukanyaga mafuta hadi mwisho, jinsi tunavyofanya nyumbani. Magurudumu yakazunguka papo hapo yakirusha mchanga mweupe nyuma, na gari likashuka kwa utulivu hadi tumbo likalala chini.

Kukawa kimya. Ndani ya kimya hicho, nyuma ya ukuta, ukasikika mngurumo mzito usiokatika.

"Hapa pana mashine ya kusaga," Kogo akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuridhika na pwani.

Ilikuwa bahari, ikipiga mwamba. Tulikuwa tukiisikia, na ukuta ulikuwa na urefu wa watu wawili.

Vijana walitokea, kwanza mmoja halafu wengi, wakasimama kivulini wakitutazama kwa adabu. Mmoja wao akamwendea shemeji.

"Mwatoka wapi, mzee?"

"Eldoret."

"Basi hapana kupiga resi. Mchanga hautaki nguvu."

Akachutama akaanza kutoa upepo kwenye magurudumu, jambo ambalo shemeji alilitazama kwa uchungu kwa sababu alikuwa ameyajaza Nakuru kwa pesa zake. Tairi lilipolegea na kutanda, wakafukua kwa mikono, wakalaza makuti mbele ya kila gurudumu, wakamwambia akanyage mafuta kwa upole, kwa gia ya pili. Gari likapanda juu ya makuti likatoka bila hata kunguruma. Tukawalipa, wakatuonyesha kwa kidole mahali pa kujaza upepo, na mmoja akamwambia Kogo kwamba akipenda ataruka ukuta amletee kombe. Kogo akamwambia ashuke asije akavunjika mguu kwa ajili ya unga wa watu.

Vipingo tuliupita mkonge uliopangwa mistari hadi macho yakachoka. Daraja la Kilifi ndilo lililokuwa tumaini letu la mwisho, na nasema bila kupendelea kwamba ni mahali pazuri kuliko pote tulipopita. Tangu 1991, lilipochukua nafasi ya feri, gari hupita juu kabisa ya hori, na kulia kwako maji yanafunguka hadi baharini, rangi ambayo kwetu huonekana kwenye milango ya mbao tu. Shemeji alipunguza mwendo hadi basi la nyuma likaanza kupiga honi bila kupumzika. Sote tulikuwa tukisihi. Mke wangu alimshika bega. Binti yangu akasema, "Kogo, jicho moja tu!"

"Nitafumbua nchi kavu," akasema Kogo katikati ya sala, kisha akairudia sala mwanzo kwa kuwa tulikuwa tumeikatiza.

Nchi kavu ilimpokea kwa muuza korosho. Alinunua kifuko, akala, na mwendo wote wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao una kilomita za mraba kama 420 na uko upande usio wa bahari, alikaa akitazama miti na kusema mahali hapa panafanana na watu wenye akili. Hakuuliza tena. Hilo ndilo lililomkondesha shemeji. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa salama hadi China, akavuka bahari kubwa kwenye merikebu, shingo na yote. Na shemeji, mwenye gari na barabara ya lami, alikuwa anashindwa kumwonyesha mama mmoja bahari iliyo jirani.

Malindi tuliingia mchana. Tukapeleka gari hadi karibu na ile nguzo ya Vasco da Gama, tukamshusha Kogo, tukamshika huku na huku, tukamgeuza uso mashariki.

Bahari haikuwepo. Kulikuwa na mchanga uliolowa kwenda mbele mbali sana, vidimbwi, na ngalawa zimelala ubavu. Maji yalikuwa yamekupwa. Shemeji aliketi juu ya jiwe. Mimi na mke wangu tulimkokota Kogo taratibu hadi tukayafikia maji yalipokuwa yamejitenga, naye akasimama akayatazama. Yalikuwa mekundu ya udongo, mazito, yakileta vijiti.

"Hii ni Sosiani," akasema.

Sikuwa na la kujibu, kwa kuwa ilikuwa rangi ile ile ya mto unaopita katikati ya Eldoret mvua zikinyesha. Tulikuwa tumeendesha kutoka mlimani, tumefyatua jerikeni, tumezama mchangani, tukaja kuonyeshwa mto wa nyumbani. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu kando ya ngalawa yake alicheka.

"Hayo si yetu, mama. Hayo ni ya mto Sabaki, umeingia hapo juu kidogo. Kaskazi ikivuma yaletwa huku kwetu. Udongo huu watoka kwenu bara, sisi twapokea tu."

Alisema kweli. Sabaki ndio huo huo Galana wa Tsavo, na Galana huanza kwa jina la Athi, ambao hukusanya maji hadi ya Nairobi. Lakini Kogo hakubali kusingiziwa udongo.

"Bara ya Nairobi, labda," akamjibu. "Wetu hauji huku. Wetu unaingia Nzoia, unaenda Ziwa Victoria, halafu Misri. Mwenye kulalamika ni Mmisri."

Yule mzee akaziweka nyavu chini. Wakazungumza muda mrefu, yeye akiuliza habari za mito na Kogo akiuliza samaki wanakula nini, na baadaye Kogo akainama, akachovya kidole, akaonja. Uso wake ukabadilika. Akaonja tena.

"Ni chumvi," akasema. "Chumvi tupu, na haina mwenyewe?"

"Haina," mzee akamwambia.

Mfugaji anayenunua chumvi ya ng'ombe kila mwezi hawezi kusimama mbele ya neno hilo bila kufanya kitu. "Leteni jerikeni," Kogo akaamuru. Mzee akamshauri asubiri maji yajae, yaje na usafi wake. Tukasubiri hadi jioni, tukila viazi karai na achari, na bahari ikarudi kweli, kidogo kidogo, ikaziinua zile ngalawa moja moja. Shemeji aliingia hadi magotini na suruali yake ya Krismasi, akajaza lita kumi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, tulisimamishwa na polisi Salgaa. Afande akakagua leseni ya shemeji, akakagua bima, akainama kutazama ndani. Dari bado lilikuwa na vidoa vya mkaa. Macho yake yakatua kwenye jerikeni.

"Mama, umebeba nini hapo?"

"Bahari," akasema Kogo.

Afande akaomba ifunguliwe. Akanusa. Akachovya kidole, akaonja, akatema kando. Akafikiri kidogo.

"Ni ya ng'ombe?"

"Ni ya ng'ombe."

Akaenda kwenye kibanda chao, akarudi na chupa tupu ya soda, akaomba nusu lita, kwa kuwa naye ana ng'ombe watatu huko kwao Kuresoi na wamekataa majani. Kogo akampimia bila kumwaga hata tone, akamtoza shilingi 50, na alipoombwa apunguze akamwambia aende akaichote mwenyewe.